Filamu za 3D Zinauawa na Giza

Wimbi kubwa la kwanza la sinema za 3D lilianza Marekani mwaka 1952 na Bwana Devil, filamu iliyotokana na kisa cha simba waliokula wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898. Wimbi hilo lilikufa baada ya miaka michache. Projekta mbili, moja kwa kila jicho, zilipaswa kwenda sambamba, na mkanda mmoja ukikatika ukaungwa pungufu ya fremu (picha moja ya mkanda), ule wa pili nao ulipaswa kukatwa fremu ileile. Fundi akisahau, jicho la kulia linapata tukio moja na la kushoto jingine. Projekta za dijitali zilikuwa zimemaliza shida hiyo Avatar ilipotoka mwaka 2009, lakini hamu imepoa tena. Sony na LG waliachana na runinga za 3D mwaka 2017.

Wapinzani husema 3D inachosha macho kwa asili yake. Hoja hiyo ina msingi. Ukitazama kitu halisi, macho mawili hukielekea na lenzi zake hulenga umbali huohuo. Kwenye 3D lenzi hulenga skrini wakati macho yanaelekezwa mbele au nyuma yake. Lakini ukubwa wa mgongano huo hutegemea umbali. Ukikaa mita 15 kutoka skrini, kitu kinapaswa kukusogelea hadi mita 3 hivi ndipo macho yapate taabu. Runinga iliyo mita 2 mbele yako haina nafasi hiyo, kwani kina kinachostahimilika nyuma yake kinaishia karibu mita 5 kutoka kwako. Ndiyo maana kushindwa kwa 3D sebuleni hakuthibitishi chochote kuhusu ukumbi wa sinema.

Ukubwa wa skrini nao una hila yake. Umbali kati ya macho ya mtu mzima ni kama milimita 63, na kitu cha mbali sana huonyeshwa kwa picha mbili, ya jicho la kushoto na ya kulia, zilizoachana kwa umbali huo kwenye skrini. Kwenye skrini ya upana wa mita 10 yenye pikseli 2048, hizo ni pikseli 13. Filamu iliyopangwa kwa kipimo hicho ikipelekwa kwenye skrini ya mita 20, pikseli zilezile 13 zinakuwa milimita 127, na macho yanalazimika kufunguka kuelekea nje, jambo ambalo kitu halisi hakilidai kamwe. Wa viti vya mbele ndio wanaoumia zaidi.

Hata hivyo, kosa zito kuliko yote ni mwanga. Picha ya kawaida inatakiwa kufikia kandela 48 (kipimo cha mwanga) kwa kila mita ya mraba ya skrini. Katika mfumo wa projekta moja, kila fremu kati ya 24 za sekunde humulikwa mara 3 kwa kila jicho, yaani mimuliko 144 kwa sekunde, jicho moja likipokezana na jingine. Nusu ya mwanga inapotea hapo. Kichujio kilicho mbele ya lenzi hula zaidi ya nusu ya unaobaki, kisha miwani inachukua fungu lake. Jicho hubakiwa na asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo kumbi nyingi zililenga kandela 15 tu, na taa ya projekta ya gesi ya xenon ikizeeka au kioo cha chumba cha projekta kikishika vumbi, hata hizo hazifikiwi. Rangi zinafifia, matukio ya usiku yanakuwa tope, na mtazamaji amelipa zaidi ya mwenye tiketi ya kawaida. Nadhani hapa ndipo watu walipovunjika moyo.

Skrini ya rangi ya fedha huokoa sehemu ya mwanga na ni ya lazima kwa vichujio hivyo, kwa sababu skrini nyeupe huvuruga mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, ambao miwani hutumia kutenganisha picha za macho mawili, na kila jicho likaona kivuli cha picha ya mwenzake. Lakini hurudisha mwanga zaidi katikati. Waliokaa pembeni wanaona giza, na filamu zisizo za 3D zikionyeshwa hapo zinapata doa jeupe katikati.

Watetezi wa 3D wanategemea leza, na kwa haki. Mfumo unaotumia seti mbili za nyekundu, kijani na buluu zilizotofautiana kidogo, moja kwa kila jicho, huruhusu miwani kuchuja kwa rangi, skrini ikabaki nyeupe. Gharama ndiyo kikwazo: projekta ni ghali, na miwani yake haitupwi, bali inakusanywa, inahesabiwa na kuoshwa kila baada ya onyesho. Kuweka leza juu ya skrini ya fedha iliyopo si njia ya mkato salama, maana skrini hiyo huzidisha chembechembe zinazometameta juu ya picha.

Kuondoa miwani kabisa bado ni mbali. Kifaa cha majaribio kilichoonyeshwa na watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani na Taasisi ya Weizmann ya Israeli mwaka 2016 kilihitaji seti 50 za vioo na lenzi, nacho kilizidi daftari kwa ukubwa kidogo tu.

Kwa hali hiyo, mwenye ukumbi mmoja wa taa ya xenon asinunue skrini ya fedha kwa ajili ya filamu mbili tatu za mwaka. Mwenye kumbi nyingi atenge mmoja wa leza na kupima mwanga kwa kipimo kupitia miwani yenyewe, kutoka viti vya kati na vya pembeni. Mwanga usipofikia kandela 15, filamu hiyo ionyeshwe bila 3D.