Ngao ya Kujazwa Gesi Inastahili Jaribio Kubwa Zaidi

Ngao ya joto husifiwa kwa kukinga chombo cha anga kisiungue, ilhali kazi yake kubwa ni kuwa breki. Chombo huingia katika angahewa ya Mirihi kwa kasi ya takriban kilomita 20,000 kwa saa, na sehemu kubwa ya kasi hiyo huishia kwenye ngao, kabla parachuti haijafunguka wala injini hazijawashwa. Joto lenyewe hutokana hasa na hewa kugandamizwa mbele ya chombo.

Taabu ni kwamba hewa ya Mirihi ni haba, kwani kanieneo yake haifiki asilimia 1 ya ile ya Dunia. Gari la Perseverance, lililotua Februari 2021, lilikuwa na kilo 1,025 na liliingia likiwa nyuma ya ngao yenye kipenyo cha meta 4.5. Safari ya binadamu inakadiriwa kuhitaji kutua na tani 20 au zaidi, na kwa mzigo huo ngao lazima itanuke, lakini ngao ngumu haiwezi kuzidi upana wa kichwa cha roketi inayoibeba.

Kwa sababu hiyo, nadhani jaribio la NASA, shirika la anga la Marekani, la tarehe 10 Novemba 2022 lilistahili kuzungumzwa zaidi. Ngao ya kujazwa gesi iitwayo LOFTID ilirushwa kutoka Vandenberg, California, ikiwa imekunjwa, na huko juu ikajazwa gesi hadi ikawa koni yenye kipenyo cha meta 6. Kiunzi chake ni pete za nyuzi imara zilizopangwa kama tyubu za magari, na juu yake limetandazwa blanketi la tabaka kadhaa: nje kitambaa cha silikoni kabidi kinachokabili joto, katikati vihami, na ndani utando unaozuia gesi moto kupenya. Ilipoopolewa baharini karibu na Hawaii, ilionekana kuwa katika hali nzuri mno kwa kitu kilichopita katika joto la namna ile.

Wanaotaka chombo kipunguzwe kasi kwa injini peke yake wana hoja, maana tani 20 zitafika karibu na ardhi zikiwa bado na kasi isiyowezekana kwa parachuti, kwa hiyo injini zitahitajika kwa vyovyote. Hata hivyo, kila kilo ya mafuta ya kufungia breki hubebwa kutoka Duniani, ilhali hewa ya Mirihi, haba ilivyo, haibebwi na mtu.

Kasi haina mashaka tena: LOFTID iliingia kwa takriban kilomita 29,000 kwa saa, kasi kubwa kuliko inavyohitajika Mirihi. Kilichobaki ni ukubwa. Meta 6 hazithibitishi kwamba ngao pana maradufu haitatetemeka wala kujipinda, au kwamba itakubali kuongozwa. Kampuni ya United Launch Alliance inaitaka teknolojia hii ili iokoe injini za roketi yake ya Vulcan, jambo jema, ila injini hizo zitarudi kwa kasi ndogo zaidi. Jaribio la ngao ya ukubwa wa Mirihi litabaki kuwa jukumu la NASA, na bajeti yake ingefaa ipangwe sasa.