Mnara umebadilika, sola ya mama imenyamaza

Kwa miaka minne, kitu cha kwanza nilichofanya kila asubuhi hapa Mbeya kabla ya chai kilikuwa kufungua simu na kuangalia betri za sola za nyumbani kwa mama, Mwakaleli. Niliona zimeamka na volti ngapi, jana paneli zilivuna kiasi gani, na kama inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, ilijizima usiku, ilijizima saa ngapi. Mwezi wa tano mwaka jana mstari wa kwenye mchoro ulikatika saa nne usiku, na asubuhi haukuendelea. Nikapiga simu. "Taa zinawaka mwanangu, na friji linanguruma," mama akaniambia. "Kwani wewe unaona nini huko?" Nikadhani ni bando. Nikaongeza vocha kwenye laini ya kile kifaa kinachotuma taarifa, nikangoja. Nilingoja wiki tatu.

Zilikuwa wiki tatu za ukungu. Anayeijua Rungwe anaujua ukungu wa mwezi wa tano na wa sita: unashuka kutoka mlimani saa kumi alasiri, na kesho yake saa tano bado umekaa juu ya migomba. Paneli huvuna kidogo, lakini friji dogo la maziwa ya jioni linaendelea kula vilevile. Nilipofika na fundi, betri moja kati ya mbili za jeli ilikuwa haishiki tena chaji. Betri za madini ya risasi, na za jeli ni aina yake, zikilala njaa siku nyingi, sulfeti huganda kwenye sahani zake na haitoki. Ningeuona mstari ukishuka, ningemwomba mama azime friji siku mbili tatu, na betri ile ingekuwa hai mpaka leo.

Fundi alichomoa kifaa chenyewe chini ya inveta, kidogo kama kiberiti, chenye taa mbili. Ya umeme ilikuwa kijani. Ya mtandao ilikuwa nyekundu, inawaka na kuzima. Akaweka laini yake mwenyewe, nyekundu ileile. Kisha akatoa simu yake, akaingia kwenye mipangilio, akalazimisha kizazi kimoja kimoja cha mtandao, 2G ndiyo ya zamani na 4G ndiyo mpya zaidi ya hizo tatu. 2G, vijiti vinne. 4G, vijiti viwili. 3G, hakuna kabisa. Mnara wa ng'ambo ya bonde ulikuwa na mafundi mwezi ule, majirani waliwaona wakipanda. Kifaa kama hiki huitwa modemu, na modemu nyingi za 3G hujua pia kurudi kwenye 2G. Hii yetu ilitengenezwa ijue 3G peke yake.

Kuna wenzetu waliopatwa na hili kabla yetu. Marekani, AT&T walizima 3G Februari 2022, na Verizon wakamaliza mwisho wa mwaka huohuo. Australia, Telstra na Optus walianza kuizima Oktoba 2024. Wenye sola mapaani kule waligundua jambo lilelile: umeme unatoka kama kawaida, taarifa ndizo zimekata. Nalisema hili mapema kwa sababu nimekutana na watu wanaoogopa kwamba mtandao ukizimwa na sola itazima. Paneli hazina habari na mnara. Anayepofuka ni yule anayeangalia kutoka mbali. Wengi kule waliweka modemu ya 4G, au wakavuta waya hadi kwenye intaneti ya nyumbani. Mwakaleli intaneti ya nyumbani ni simu ya mama, na simu ya mama inakwenda naye shambani.

Wenye minara wana hoja, na ni nzito. Masafa ya redio ni kama shamba la ukoo: haliongezeki hata watoto wakizaliwa kila mwaka. Kipande kilekile cha masafa kikilimwa kwa 4G hubeba data nyingi kuliko kikilimwa kwa 3G, na mnara unaoendesha vizazi vitatu kwa pamoja unakula umeme na vipuri vya mitambo ambayo viwanda vinaacha kuitengeneza. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wa serikali yetu ya Tanzania, ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kuiongezea nguvu mingine 304 iliyokuwa ya 2G ili itoe 3G na 4G. Mtoto wa Makete anayetaka kufungua somo kwenye simu anaihitaji 4G kuliko mimi ninavyoihitaji 3G kuangalia betri. Siwezi kusimama mbele yake nikadai masafa yaachwe kwa ajili ya kifaa kinachotuma tarakimu chache kila dakika 5.

Lakini upande wa pili nao una hoja, na kwangu ndiyo ya msingi. Paneli huuzwa na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25 hivi. Inveta nzuri unaitegemea miaka 10 au zaidi. Modemu iliyobanwa humo ndani, umri wake anaupanga mtu mwingine kabisa, mwenye mnara, ambaye hajui hata kama ipo. Mnunuzi anauziwa vitu vitatu vyenye maisha tofauti kwa bei moja na kwa maneno mamoja: "Utaiona sola yako popote ulipo." Sikuwahi kuambiwa "mpaka mtandao huu utakapobadilishwa". Muuzaji aliponiambia nipeleke mfumo mzima nikabadilishiwe, nilikasirika, na bado nadhani nilikuwa na haki.

Basi ninunue nini sasa? Ushauri wa madukani hapa Mwanjelwa ni mwepesi: chukua kipya zaidi. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu mitandao haifi kwa kufuata umri. AT&T walizima 2G yao mwanzoni mwa 2017, miaka mitano kabla ya 3G. Uingereza walikwenda kinyume: 3G imetangulia kuzimwa, na 2G kampuni zimekubaliana na serikali kwamba itakuwa imeondoka ifikapo 2033. Huku kwetu, kitochi bado ndiyo simu ya wazee wengi, na ile menyu ya nyota na reli ambayo watu hutumiana pesa kwa simu hushuka kwenye mitandao ya zamani. Mwenye mnara atafikiri mara mbili kabla ya kuikata njia ambayo pesa zake mwenyewe zinapitia. Kwa hiyo naiona 3G ikiondoka kabla ya 2G, na kifaa cha zamani cha 2G kikiendelea kuongea wakati cha 3G kimenyamaza, kama ilivyotokea nyumbani.

Milima nayo ina neno lake. Masafa ya megahezi 900, ambayo 2G imeyazoea, yanazunguka kingo za milima na kufika mabondeni vizuri kuliko yale ya 1800 au 2100. Fundi mwingine aliniambia kwa hiyo 4G haitafaa kwetu. Hapo amepitiliza. 4G ikirushwa kwenye 700 au 800 hufika mbali vilevile. Shida ni pale mnara unapoirusha kwenye masafa ya juu peke yake. Ukinunua modemu, uliza inashika masafa gani. Kifaa cha soko la Marekani kinaweza kuandikwa 4G kwenye boksi na bado kisishike mnara wetu hata mmoja, kwa kuwa masafa yake ni mengine. Angalia pia kama laini inatoka. Nyingine zimechomelewa ndani, na mtandao ukihama huna cha kuchomoa.

Kuna wanaosema acha modemu, weka ruta. Nilipiga hesabu. Ruta ndogo inayokula wati 6 usiku na mchana inamaliza watisaa 144 kwa siku. Taa 5 za mama, za wati 5 kila moja, zikiwaka saa 5, ni watisaa 125. Yaani kifaa cha kuangalia taa kingekula kuliko taa zenyewe, tena mwezi wa sita. Mwenye mfumo mkubwa, wa hoteli au wa hospitali, hilo halimsumbui. Kwa nyumba ya kijijini ni hasara ya wazi.

Kuna watu ambao kwao kukatika kwa mtandao ni zaidi ya kukosa mchoro, nao ni waliochukua sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu. Boksi zile zina kufuli: ukilipa linafunguka, ukichelewa linafunga. Baadhi zina laini ndani na hupokea amri kutoka mtandaoni. Nyingine zina vitufe. Unalipa, unaletewa namba kwa SMS, unaibonyeza mwenyewe. Boksi la aina ya kwanza likikosa mtandao, mtu anaweza kuwa amelipa na akalala gizani. La vitufe halijali mnara umebadilika mara ngapi, maana ujumbe unaletwa na binadamu. Nguvu ya njia hiyo tuliiona nchi nzima mwaka 2024, pale mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, zilipotakiwa kusasishwa kabla ya 24 Novemba. Ulinunua umeme ukapewa makundi mawili ya tarakimu 20 ya kuiboresha mita, kisha lile la umeme wenyewe. Haikuhitajika fundi apite kila nyumba. Vidole vya wateja vilifanya sehemu kubwa ya kazi.

Hata hivyo vitufe havimalizi kila kitu. Bibi asiyesoma atamtafuta mjukuu ambonyezee, na kampuni haitajua kwamba betri yake inakufa mpaka yeye alalamike. Boksi lenye mtandao linaweza kumleta fundi mapema. Ningependa kuona vyote viwili kwenye boksi moja, na pale kampuni ilipochagua kufuli la mtandao peke yake, gharama ya kubadilisha modemu iwe ya kampuni. Aliyeweka kufuli ndiye mwenye ufunguo. Mteja hakuchagua 3G.

Swali gumu zaidi aliniuliza baba mdogo, na lilinikalia siku nyingi: kwani mtu aliye nyumbani na sola yake anahitaji aangaliwe kutoka Mbeya? Inveta ina kioo, namba zipo pale. Ana haki kiasi kikubwa. Mchoro wangu wa miaka minne ulimfanya mama asiangalie kile kioo hata siku moja, kwa sababu "mwanangu anaona". Mimi nilipopofuka, nyumba nzima ilipofuka. Hilo ni kosa langu kuliko la modemu.

Hata hivyo kuna vitu kioo hakimwambii mtu aliyelala. Makete na kule Kitulo baridi ya Juni na Julai hufika hadi umande kuganda, na betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0. Betri iliyowekwa kwenye kibanda cha nje itafika huko alfajiri. Kidhibiti kizuri cha ndani kitazuia chaji. Kibovu hakitazuia, na hakuna atakayejua bila kifaa kinachoandika joto usiku kucha. Kifaa hicho kinaweza kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu na kusomwa kwa Bluetooth mtu akifika. Mtandao unarahisisha tu usafiri wa habari.

Ndivyo tulivyopanga upya. Kwanza mama alinunua daftari la kurasa 96 na kulifunga kwa kamba kwenye msumari kando ya inveta, na kalamu imeninginia. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla paneli hazijapata mwanga, anasoma volti na kuandika. Mfumo ni wa volti 24. Nilimwandikia kwa wino mwekundu kwenye jalada: 25.4 imeshiba, 24.4 imefika nusu. Chini ya 24 zima friji, maziwa yapelekwe kwa jirani. Pili, modemu ya 4G inayoweza kushuka hadi 2G, inayochomoka, na laini imesajiliwa kwa jina la mama. Ile ya zamani ilisajiliwa na muuzaji, na tulihangaika kujua ni ya nani. Piga *106# uone laini zilizo kwenye jina lako kabla hujaamini maneno ya mtu. Tatu, nimeiwekea ratiba: kila jioni saa moja kifaa kinatuma SMS moja, kwangu na kwa mama. Isipofika, napiga simu usiku uleule, sisubiri bando.

Kwa wenye minara naomba kitu kimoja kinachowezekana: wakitaka kuzima mtandao kwenye mnara fulani, walioko chini ya mnara ule waambiwe miezi kadhaa kabla, kwa SMS na kwenye ofisi ya kijiji, kwa jina la mnara. SMS za matangazo ya vifurushi zinafika kila siku. Hii nayo ingefika.

Jumanne iliyopita ukungu ulikuwa mzito na SMS ya jioni haikuja. Nilipiga saa mbili usiku. Mama alikuwa ameshainuka na tochi, nikasikia kandambili zake sakafuni na kurasa zikifunuliwa. "Asubuhi ilikuwa ishirini na nne nukta sita," akasoma. "Sasa hivi inasema nukta mbili. Friji nimelizima tangu saa tisa."