Asilimia 0.7, hoteli za London na chenji ya rada

Mwaka 2015 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayoitaka serikali itenge kila mwaka asilimia 0.7 ya pato la taifa kwa ajili ya misaada ya nje. Sheria ile iliachiwa mlango wa uani: kiwango kisipofikiwa, waziri anapeleka bungeni maelezo ya maandishi, na mambo yanaishia hapo.

Mlango huo umetumika sana. Mwaka 2021, Uviko ukiwa ndiyo sababu, kiwango kilishushwa hadi 0.5. Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer akatangaza kitafika 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi. Siku tatu baadaye waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu.

Hoja ya Starmer haiwezi kupuuzwa. Urusi inapigana Ukraine, Marekani haitabiriki, na mpiga kura anayesubiri matibabu miezi na miezi ana haki ya kuuliza kodi yake inakwenda wapi. Huku kwetu Tanzania nako wapo wanaoshangilia. Wanasema serikali inayolishwa na wafadhili huwajibika kwa wafadhili, si kwa wananchi. Hilo si jipya. Azimio la Arusha lilituonya mwaka 1967 tusitegemee fedha za nje, kisha tukaendelea kuzipokea kwa mikono miwili.

Ila misaada haifanani. Barabara ikikosa fedha inasubiri, mkandarasi anaondoa mitambo yake, mwakani anarudi. Mama anayechukua vidonge vya kufubaza makali ya VVU pale CTC, kliniki ya matunzo na tiba, hana mwakani wa namna hiyo. Akikatisha dozi, virusi vinaongezeka mwilini, na vinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa aliyoizoea. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kwa siku 90, kuna kliniki zilizofunga milango ndani ya siku chache. Hakuna bajeti ya Afrika inayoweza kuziba pengo kama hilo kwa wiki moja. Kwa hiyo wanaosema “tujitegemee” naungana nao kwa lengo, ila kwa kalenda hapana.

Halafu kuna jambo ambalo mabishano ya asilimia yanalificha. Mwaka 2023 Uingereza ilihesabu misaada ya pauni bilioni 15.3. Kati ya hizo, bilioni 4.3 zilitumika humohumo Uingereza kuwahudumia wakimbizi na waomba hifadhi, nyingi zikilipia hoteli. Kanuni za kimataifa zinaruhusu gharama za mwaka wao wa kwanza kuhesabiwa kama msaada. Wakimbizi wanastahili paa, sina ubishi. Lakini kitanda cha hoteli London kuitwa msaada kwa nchi maskini, hapo ndipo ninapotoa miwani na kuipangusa.

Na Watanzania tunayo kumbukumbu yetu. Serikali ya Tony Blair, hiyohiyo iliyoanzisha wizara kamili ya misaada mwaka 1997, iliruhusu BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, ituuzie rada kwa pauni milioni 28, ingawa waziri wa misaada mwenyewe, Clare Short, alipinga. Mkono mmoja ulitoa, mwingine ukauza. Mwaka 2010 kampuni ilikiri kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo, ikakubali kulipa karibu pauni milioni 30. Zilipokuja tukaziita chenji ya rada, zikanunua vitabu na madawati. Chenji yenyewe ilizidi bei!

Kwa hiyo ningekuwa mbunge kule nisingeng'ang'ania 0.7 peke yake. Ningetaka hoteli zitolewe kwenye hesabu, dawa na chanjo zilindwe kwanza, na kila punguzo litangazwe miaka kadhaa kabla.

Kwa upande wetu, mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi pale Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijafika. Waziri wa Uingereza akikosa 0.7 analazimika angalau kuliandikia Bunge lake. Wetu wakikosa 15, barua hiyo wanamwandikia nani?