Ile karatasi iliyochafuka ndo naipenda

Watu wengi ukiwatajia kaligrafia ya Kichina, yaani sanaa ya kuandika kwa brashi na wino, wanawaza yale maandishi ya ukutani yaliyonyooka, yametulia, hayana doa. Mi kusema kweli hayanishiki. Kinachonishika, na kunionyesha unyenyekevu ni nini, ni karatasi moja ya mwaka 758, ya Yan Zhenqing, ofisa wa serikali na bingwa wa kaligrafia, siku hizi inatunzwa makumbusho kule Taipei, na imejaa mikato kama daftari la mwanafunzi.

Na kuandika vizuri alijua sana tu huyo mzee, mwandiko wake wa kunyooka mpaka leo watu wanaunakili kujifunzia. Sasa kwenye uasi wa jenerali An Lushan dhidi ya serikali ya China, waasi wakamuua kaka yake wa ukoo na mtoto wa huyo kaka, Jiming, na cha Jiming kilichopatikana ni kichwa tu. Yan akaketi kuandika rasimu ya maombolezo, rasimu yaani, kitu cha kunakiliwa upya baadaye kikiwa safi. Mwanzoni anaenda taratibu, anataja tarehe, anataja vyeo vyake, halafu mkono unaanza kukimbia, anakata neno, anachomeka lingine pembeni, wino unakauka brashi inakwaruza naye anasonga tu kabla ya kuchovya tena, hivyo hivyo hadi mwisho kabisa. Hapo hajiwazii yeye wala nani atakuja kumsifia mwandiko, anamwaza mtoto wa watu aliyekufa. Huo ndo unyenyekevu ninaouelewa mimi.

Ila tusidanganyane, hiyo sio kubahatisha. Wino ukishagusa karatasi umegusa, hakuna kufuta, kwahiyo mkono mgeni unaumbuka palepale. Mtawa Huaisu, wa enzi hiyohiyo ya Yan, enzi ya ukoo wa kifalme wa Tang, anasimuliwa kwamba hakuwa na hela ya karatasi akapanda migomba ili afanyie mazoezi kwenye majani yake, ndo baadaye akaweza kuandika kama upepo, tena akiwa amelewa.

Anayenikera kwa kukosa huo unyenyekevu ni mfalme wa China Qianlong, karne ya 18. Kuna kijibarua cha Wang Xizhi, bingwa wa kaligrafia wa karne ya 4, herufi 28 tu, anamsalimu mtu baada ya theluji kukatika, basi. Nakala yake ikafika kwa Qianlong, jamaa akaigonga mihuri kila kona, akajaza sifa pembeni, akaona bado, akaongeza herufi moja kubwa yenye maana kwamba hii ni ya kimungu. Barua ya salamu jamani! Si angeisoma tu akairudisha sandukuni.