Leseni za Majarida ya Mtandaoni: Bei ya Ushirika, Masharti ya Visiwani

Chuo kinaponunua kitabu, kitabu huwa mali yake. Kinapolipia majarida ya mtandaoni, kinachopata ni ruhusa ya kuyasoma kwa muda na kwa masharti. Kwa vyuo vikuu vya Zanzibar, ambavyo ni vichache, suala linalojirudia kila mkataba unapokaribia kumalizika ni kama mkutubi azungumze na mchapishaji yeye mwenyewe, au apitie COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Tanzania.

Hoja ya ushirika haihitaji maneno mengi, kwani dau la mnyonge haliendi joshi. Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida ya kitaaluma, mwezi wa Februari 2019, na makubaliano mapya hayakupatikana hadi Machi 2021. Kiliweza kusubiri miaka miwili kwa sababu kampasi zake 10 zilisimama pamoja na utafiti wao ulikuwa na uzito kwa mchapishaji. Hakuna chuo cha Unguja kinachoweza kutishia hivyo peke yake.

Hata hivyo, ushirika hununua kifurushi kinachowafaa wengi, na si lazima kimfae mhadhiri anayefundisha utalii, mazingira ya bahari au fasihi ya Kiswahili. Lipo pia jambo la sheria ambalo wajumbe wa Bara huweza kulisahau, si kwa ubaya: elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, lakini hakimiliki haimo, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Mkataba unaotaja "sheria ya hakimiliki ya Tanzania" bila ya ufafanuzi unamwacha mkutubi wa Zanzibar asijue ni ipi inayomlinda anapomtolea mwanafunzi nakala ya makala.

Kwa maoni yangu, visiwa hupoteza zaidi katika tafsiri za maneno kuliko katika bei. Chukua neno "eneo". Baadhi ya wachapishaji hutoza kwa eneo, na kampasi zilizo katika miji tofauti wanaweza kuzihesabu mbalimbali. Chuo chenye madarasa Unguja na Pemba kinaweza basi kudaiwa mara mbili kwa sababu tu ya bahari iliyopo katikati. Vivyo hivyo kwa "mtumiaji halali". Ikiwa ruhusa imefungwa kwenye anwani za IP za chuo, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wake, mwanafunzi aliyerudi kwao Wete kwa likizo hawezi kufungua alichokuwa akikisoma wiki iliyopita, ingawa ada yake ndiyo iliyosaidia kukilipia. Haya huandikwa katika kiambatisho cha mkataba, wala si ombi kubwa, ila lazima aliombe anayeijua jiografia yenyewe.

Wapo wanaouliza kwa nini tulipe kabisa, ilhali Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ulioanza na Hinari (sehemu yake ya afya) mwaka 2002, unaiweka Tanzania katika kundi la nchi zisizolipa. Swali ni la haki, na orodha ya majarida hayo ingepaswa kupitiwa kabla ya kulipia lolote. Lakini mchapishaji anaweza kuyaondoa majarida yake humo, na hali ya uchumi wa nchi ni miongoni mwa vigezo vya kuipanga katika kundi. Benki ya Dunia iliihamishia Tanzania kwenye kipato cha kati cha chini mwezi wa Julai 2020. Msaada, tofauti na mkataba, hauna kipengele cha kudai notisi kabla haujakatwa.

Kwa hiyo bei na ijadiliwe na ushirika, na kila chuo kilete kiambatisho chake. Kipengele ambacho ningekipinga kwanza ni kile cha kuficha bei. SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Zanzibar University zote zipo Tunguu, na kwa kipengele hicho wakutubi wao wanaweza kukutana njiani kila siku bila ya ruhusa ya kuambizana wanalipa kiasi gani kwa majarida yale yale.