Vertikali Imekufa

Muhula wangu wa pili hapa Chicago, profesa alizima taa za studio akatuonyesha picha ya runinga iliyogeuzwa ubavu. Kwenye kioo hamna kitu ila mstari mmoja wa mwanga. Ni kazi ya Nam June Paik, Mkorea, aliyoionyesha Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963. Runinga ilikuwa imeharibika. Badala ya kuitengeneza akaigeuza, mstari ukasimama wima, basi. Darasa likanyamaza kama kanisani. Mimi nazuia kicheko. Kwetu Eastlands, Nairobi, yeyote aliyewahi kutumwa kwa fundi na runinga ya zamani begani anaujua mstari huo. Vertikali imekufa, ile sehemu inayotandaza picha juu na chini. Fundi anabadilisha aisi moja, chipu ndogo tu, na unarudi nyumbani kabla ya taarifa ya saa moja.

Ninachosomea ni sanaa ya elektroniki, vitu vinavyomhisi mtu na kumjibu. Mama huwaambia majirani nasomea ufundi wa redio, na nimeacha kubishana naye. Studio yetu haifungwi usiku. Kila mmoja ana meza yake, na droo zimejaa vihisi, mota na kadi za Arduino, vijikompyuta vya kuendesha vitu hivyo, vilivyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Ukiunguza moja unatupa, unachukua nyingine, hakuna anayekuuliza.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kiti na redio. Ukikaa, kihisi chini ya mto kinaiamsha redio, nayo inaanza kusoma salamu kama enzi za kadi: salamu zimfikie Mama fulani wa Kangemi, baba watoto popote alipo, ujumbe ni tupendane. Ukiinuka, kimya. Wenzangu waliijadili saa nzima. Kumbukumbu, uhamiaji, nani anaitwa na nani hasikiki. Sikuwahi kusikilizwa hivyo maishani, nakiri.

Desemba nikaibeba hadi nyumbani. Nikasahau jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi angenikumbusha: stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240. Nilipochomeka tu, transfoma ikaguna, moshi ukatoka, sebule ikanuka plastiki hadi jioni.

Kesho yake nikawa Luthuli, barabara ya mafundi wa elektroniki Nairobi, kwa mzee mmoja mwenye kibanda chini ya ngazi, kipana kama kabati. Aliinusa transfoma kabla ya kuitazama.

"Ya wapi hii, kijana wangu?"

"Marekani, mzee."

"Haijazoea chakula cha huku."

Akachakura gunia la redio zilizokufa, akatoa transfoma nyingine, akaipima kwa mita, akaanza kulehemu. Dakika 20, shilingi 800. Nikingoja, nikamsimulia habari za Paik.

"Vertikali," akasema bila kuinua kichwa. Kisha, baada ya kitambo: "Na hakuitengeneza?"

"Hakuitengeneza."

"Watu wakaja kuitazama?"

"Wanaitazama mpaka leo."

Akaacha kulehemu, akafikiri. "Basi huyo alikuwa na nafasi."

Neno hilo limenikaa. Huku ughaibuni nafasi ipo tele, lakini darasani kwetu hakuna ambaye angeiokoa transfoma ile, mimi nikiwemo. Tungeagiza nyingine. Luthuli mikono ipo, nafasi ndiyo haipo: kila kitu mezani kina mwenyewe anayekingoja. Na chuoni nilikosoma Nairobi, jengo la sanaa lilikuwa huku na la uhandisi kule. Kuazima mita ilibidi uache kitambulisho, na ukiiharibu unalipa. Ukilipa mita mara moja, hutajaribu tena jambo la kipuuzi mpaka uhitimu. Nasema sanaa hii bila upuuzi haiendi popote.

Wazungu wenyewe hawakuianza kwa droo zilizojaa. Oktoba 1966 huko New York, wasanii 10 waliungana na wahandisi wapatao 30 wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu, wakaonyesha kazi zao kwa usiku tisa. Mtu wa brashi alikaa na mtu wa nyaya. Sisi mtu wa nyaya tunaye, yuko papo hapo mjini kati. Ningekuwa na sauti, mzee yule angepewa meza ndani ya idara ya sanaa, na mshahara wa mwezi. Siyo kualikwa siku moja apigwe picha na wageni.

Jioni hiyo nikaiwasha tena sebuleni. Shosho ndiye aliyekikalia kiti, bila kuambiwa chochote. Redio ikaanza salamu zake, naye akawa anaitikia kila jina, "asante, asante," mikono mapajani. Chai ilipoletwa akainuka kupokea kikombe. Kimya.

"Aii, stima imepotea?" akauliza, akitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu yake. "Na hawajafika kwa jina langu."