Mtoto kashaona maji, we unaniletea fomu

Siku hizi sehemu za kupeleka watoto hapa Dar, za kuogelea, za mabembea, mpaka hoteli za beach zinazopokea familia za kushinda siku moja, zinahamia kwenye usajili wa simu. Unafika getini unakuta bango lina QR kodi, unaskani, unajaza fomu, unalipa kwa lipa namba, unatumiwa tiketi, ndo unapita. Kuna wanaoshangilia kwamba hatimaye tumestaarabika, na kuna wanaosema ni usumbufu tu wa kuiga. Mi naona pande zote mbili zina hoja ila wanabishania teknolojia wakati kinachoharibu siku ya watu ni kitu kidogo tu, yani unamuomba mgeni taarifa zake saa ngapi na unamuomba ngapi.

Wanaotaka mfumo wasikilizwe kwanza, manake huwa tunawabeza haraka. Fikiria Idd Pili, geti moja, keshia wawili, watu wanashuka kwenye bajaji na Noah kila dakika, kila mtu ana noti ya elfu kumi na chenji hakuna. Ikifika saa nane mchana ukimuuliza meneja ndani kuna watoto wangapi anakutajia namba ya kukisia, na hapo tunaongelea sehemu yenye bwawa. Mtoto akipotea kinachofanyika ni kutangaza kwenye spika na kuomba Mungu. Na lile jambo ambalo wenye biashara hawalisemi hadharani, kwamba tiketi za karatasi zina tabia ya kuuzwa mara mbili na hela ikaishia njiani. Mfumo unaohesabu wanaoingia na wanaotoka unajibu yote hayo, sio anasa.

Na ile hoja ya "watu wetu hawajazoea" siinunui hata kidogo. Watu wa Dar hao hao wanagusisha N-Card, kadi ya kulipia kwa kugusa, wakivuka feri ya Kigamboni na wakienda uwanja wa Mkapa kuangalia Simba na Yanga. SGR ilivyoanza kubeba abiria 2024 watu walijifunza kukata tiketi mtandaoni na kuweka namba ya kitambulisho, walilalamika wiki mbili tatu afu wakazoea. Kwahiyo tusimsingizie mwananchi.

Sasa njoo upande wa pili. Anayevuka feri yuko mwenyewe na kadi yake, anagusa anapita. Anayekuja kwenye mabembea ni shangazi mtu kabeba watoto saba wa nyumba tatu tofauti, wawili hajui hata wamezaliwa mwezi gani, simu yake chaji asilimia kumi na mbili, bando la siku limeisha asubuhi kwa Tiktok. Niliwahi kusimama kwenye geti la sehemu moja (siitaji) fomu yao ilitaka jina kamili la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa, email, namba ya simu, afu inakuja meseji ya namba ya kuthibitisha inayokufa baada ya dakika chache, na hayo yote unajaza jua la saa tano linawaka kwenye kioo cha simu huoni kitu na watoto wameshaona maji wanakuvuta gauni. Foleni ikagoma kabisa. Yule dada wa getini, mwenye akili zake, akaanza kuwajazia watu kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando lake, email anaweka yake, namba anaweka yake, tarehe za kuzaliwa anaweka Januari mosi wote. Watu wakapita. Ila hebu fikiria bosi wake jumatatu anafungua ripoti anakuta mwanamke mmoja ana watoto mia na kitu wote pacha! Hiyo ndo data ambayo mtu wa masoko anataka kukutumia ofa nayo.

Ndo maana nasema muda. Disney, wenye viwanja vikubwa vya michezo na hoteli kule Florida, Marekani, walivyoleta MagicBand 2013, bendi ya mkononi yenye chipu inayofungua chumba, inayoingiza getini, inayolipia chakula, mradi uliotajwa kugharimu kama dola bilioni moja, ujanja wake mkubwa kwangu haukuwa ile chipu. Aliyelala kwenye hoteli zao alitumiwa bendi nyumbani kabla ya safari, mtoto kachagua rangi, jina limeandikwa, kazi yote ya kujaza imefanyika mtu akiwa sebuleni kwake. Siku ya safari ni kugusa tu. Na hao hao wakajikwaa baadaye: 2021 wakaleta Genie+, huduma ya kulipia ili kuruka foleni, mtu yuko likizo anaamka kabla ya saa moja asubuhi avizie nafasi kwenye simu, afu siku nzima wazazi wameinamia kioo. Malalamiko yalikuwa mengi, na 2024 wakaibadili ili watu wapange kabla ya kufika. Yani mwenye hela zote hizo naye kajifunza kwamba simu ndani ya mchezo inakula mchezo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni MagiQuest, mchezo ulioanza 2005 Myrtle Beach huko huko Marekani, baadaye ukaenea kwenye hoteli za Great Wolf Lodge. Mtoto anapewa fimbo ya kichawi yenye utambulisho wake, anajichagulia jina la kichezo, anaelekeza fimbo kwenye sanduku linawaka. Huko kuchagua jina ndo kusajiliwa kwenyewe, mtoto hajui kama kajaza fomu, anajua kaanza kucheza.

Kwetu hatuhitaji fimbo. Meseji moja ya WhatsApp kwa anayefanya bukingi jana yake, yenye maswali mawili: mnakuja wangapi, na namba ipi tuipigie mtoto akipotea. Basi. Tarehe ya kuzaliwa ya nini wakati kiingilio kinapangwa kwa urefu wa mtoto? Pima na fimbo iliyochorwa mstari. Email ya nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ukusanye kile unachokihitaji kwa kazi unayoifanya, na ukishaanza kukusanya majina na picha za watoto wa watu we tayari una jukumu zito ambalo sidhani kama wengi wenye hizo apu wamelifikiria. Na lazima libaki dirisha moja la mtu mwenye kitochi na hela mkononi, tena lisiwe la adhabu kule nyuma ya choo.

Kwenye maji simu yenyewe haifai kuwa tiketi, utaiweka wapi? Bendi inashinda. Lakini hapa wapinzani wana hoja ngumu, bendi zenye chipu zinapotea, watoto wanazing'ata, wengine wanaondoka nazo makusudi. Ukisema uweke dhamana ya elfu mbili irudishwe wakati wa kutoka, saa kumi na mbili jioni watu wote wanatoka kwa mpigo wanadai elfu mbili zao na ile foleni uliyoiua asubuhi inafufuka getini, safari hii na watoto waliolowa wenye usingizi. Kwa sehemu za saizi yetu mi ningeanza na bendi ya karatasi isiyolowana, imechapwa QR kodi, ya kutupa, na namba ya mzazi imeandikwa kwa makapeni kwa ndani. Chipu zisubiri kwanza tuone kama hata hayo maswali mawili watu wanayajibu jana yake.